Vumbi la Naivasha na Kumi la Mwisho

Katika kabati la nyumba moja ya mtaa wetu hapa Sumbawanga kuna kibubu cha bati ambacho kimepimwa uzito mara tatu na hakijavunjwa hata mara moja. Ndani yake mna michango ya familia sita zenye mapenzi ambayo kwa watu wa Ufipa huonekana ya ajabu kidogo: mapenzi ya mbio za magari. Tulianza kuchanga baada ya mavuno ya mwaka 2023, kila familia shilingi elfu tano kwa wiki, kwa nia moja tu: kwenda Naivasha, nchini Kenya, tukayaone kwa macho yetu mashindano ya Safari Rally ambayo hadi leo tumeyaona kwenye simu na kuyasikia redioni.

Nia ilikuwa safi. Kalenda ndiyo iliyotuchezea. Mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002, yalifanyika mwezi Juni, na vivyo hivyo 2022 na 2023. Juni kwetu ni mwezi wa nafasi. Mvua imekwisha, barabara za vijijini zimekauka, mahindi yanavunwa, na mwenye gunia la kuuza anapata mnunuzi. Mwaka 2023 yalimalizika Juni 25, siku chache tu kabla ya Idi ya kuchinja, nasi tukaambiana kuwa ya mwakani hayatupiti.

Mara tukasikia yamehamishiwa Machi. Yale ya 2024 yakafanyika Machi 28 hadi 31, wakati wa Pasaka ya jirani zetu Wakristo, nasi tukiwa katikati ya Ramadhani. Tukavuta subira. Ya 2025 yakawa Machi 20 hadi 23. Ramadhani tena, na kumi la mwisho likibisha hodi. Ya mwaka huu wa 2026 yamepangwa Machi 12 hadi 15. Msomaji mwenye kalenda ya Hijria ukutani ameshajua tunakoelekea. Ikiwa mwezi utaandama jioni ya Februari 17 au 18, basi siku ya kwanza ya mashindano itakuwa mwezi 22 au 23 Ramadhani. Mara ya tatu mfululizo, na mara hii ndani kabisa ya kumi la mwisho.

Ndiyo maana juma lililopita, baada ya sala ya Isha, watu kumi na wanne tulikaa kwenye ukumbi wa nyumba ile yenye kibubu, tukalijadili jambo ambalo mwaka jana na mwaka juzi tuliliahirisha bila kulijadili.

Kabla ya kueleza yaliyosemwa, pengine msomaji wa Tanga au Kilwa atauliza: Ufipa na mbio za magari wapi na wapi? Jibu liko barabarani. Wenye umri wa kukumbuka wanajua barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma ilivyokuwa kabla ya lami. Ni kilomita zaidi ya 200, na wakati wa masika lori liliweza kulala Laela siku mbili, utingo wakikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, dereva akisubiri jua lipige kidogo ili ajaribu tena. Dereva aliyefika mjini na shehena nzima, chumvi, sabuni na mabati, alipokelewa kama mshindi. Watoto tulijua magari kwa milio yake kabla hayajatokea kilimani. Wengine tulikulia upande wa Bonde la Rukwa, ambako gari linalopanda Lyamba lya Mfipa lilisikika likihema kwa muda mrefu kabla ya kuonekana. Basi redio ilipotuambia kwamba kuna watu duniani wanaopewa vikombe kwa kazi hiyo hiyo ya kupita kwenye tope bila kukwama, hatukuhitaji kushawishiwa.

Tena mashindano haya hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katika mvua, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Mshindani alikutana na basi, na ng'ombe, na mto uliofurika. Mwaka 1963 na tena 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo, akiwa na ndugu yake Jaswant pembeni, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Na Tanzania nayo ina fungu lake: mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa nchi yetu, kwa Peugeot 404. Ukizungumza na wazee wa magari nchini, jina la 404 hutamkwa kwa heshima ambayo Toyota, pamoja na kushinda Naivasha kila mwaka tangu 2021 hadi 2025, bado haijaifikia.

Katika kundi letu yumo mzee mmoja ambaye aliiona. Alikuwa kijana wa miaka 18, utingo wa lori, na anasema lori lao lilikuwa limeegeshwa chini ya milima ya Usambara pale magari ya mashindano yalipopita usiku. Hakumtambua dereva wala hakuiona namba. Anachokumbuka ni taa, kisha mlio, kisha matope yaliyomrukia kifuani, ambayo hakuyafuta mpaka asubuhi. Baadaye aliendesha malori yeye mwenyewe kati ya Sumbawanga na Mbeya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kibubu kile, kama tutasema kweli, ni wazo lake. Na sasa ana umri wa miaka 78, na mtoto wa jicho amekwisha funika jicho la kulia na kuanza la kushoto.

Mazungumzo yalifunguliwa na vijana, nao walijiandaa. Walikwisha pima njia zote mbili: ya Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha, na ile ya Mpanda, Tabora, Singida na Arusha, zote zinakutana kwenye mpaka wa Namanga, na yoyote utakayoshika haipungui kilomita 1,500 hadi Naivasha. Walikwisha uliza habari za hati za kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa hesabu yao tungeondoka Jumanne Machi 10 na kurejea Jumanne Machi 17.

Wakatueleza pia mashindano ya sasa yanavyotazamwa, maana wengi wetu tulidhani ni kama uwanja wa mpira. Sivyo. Magari hayakimbizani. Kila moja huondoka peke yake, dakika chache baada ya lililotangulia, na kushindana na saa. Njia hugawanywa katika vipande, kila kipande hupimwa kwa sekunde na sehemu za sekunde, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Pembeni ya dereva hukaa mwelekezi wake, akimsomea maandishi waliyoyaandika walipoipita njia hiyo polepole siku za kabla: kona ya kulia, kali kiasi gani, jiwe liko wapi, shimo liko wapi. Udongo wa Naivasha ni wa volkano, una vumbi laini kama unga wa muhogo. Likikauka linaficha mawe, likilowa linageuka tope la kuteleza. Ndiyo maana magari huongezewa bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu kando ya kioo cha mbele, yasinywe maji wala vumbi. Barabara hufungwa saa kadhaa kabla, kwa hiyo mtazamaji hufika alfajiri, huchagua mahali penye mwinuko, hukaa na kusubiri.

Mmoja wa kina mama akauliza: "Na gari likishafika, unaliona kwa muda gani?"

Kijana akasema kweli: sekunde kumi, pengine kumi na tano pakiwa na uwazi.

"Kilomita elfu moja na mia tano kwa sekunde kumi," akasema mama yule, na ukumbi mzima ukacheka, hata yeye. Lakini tuseme haki, si sekunde kumi za gari moja. Ni magari kadhaa, siku nne, maelfu ya watu wa lugha mbalimbali kwenye vilima, ziwa Elmenteita na ndege wake, na ule mlima wanaouita Shujaa Aliyelala kwa kuwa umbo lake ni kama la mtu aliyejinyoosha chali. Kipande kimoja mashuhuri kinaitwa Hell's Gate, yaani lango la Jahanamu. Mzee wetu aliposikia hivyo akasema Ramadhani milango hiyo imefungwa, sijui ninyi mtapitia wapi. Hali ya hewa isingetushangaza, kwani Naivasha iko juu ya usawa wa bahari karibu sawa na Sumbawanga, na huko kama huku ni Bonde la Ufa.

Tulimwalika pia shekhe wetu wa mtaa. Hakuja na ukali ambao baadhi yetu tuliutarajia. Alianza kwa kutukumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliandaa mashindano ya farasi Madina: farasi waliofunzwa waliwekewa masafa marefu na wasiofunzwa wakawekewa mafupi, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Mbio si haramu kwa kuwa ni mbio. Haramu iko kwenye kamari, na hapo aliwatazama vijana wawili kwa muda, kwani ofisi za kubeti za mjini nazo huwa na magari katika orodha zao.

Kuhusu saumu, alisema msafiri wa safari ya halali ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye, na ruhusa hiyo ni rehema. Anayeitumia asionewe, na asiyepata tabu akifunga ni bora kwake. Lakini asiyekuwa na haja ya safari ila kuikimbia saumu, huyo anajidanganya. Kijana mmoja akasema wao watafunga safari nzima. Shekhe akamwuliza kama amewahi kukaa kwenye jua na vumbi tangu alfajiri hadi jioni bila maji. Kijana akasema amewahi, shambani, kila Ramadhani ya kiangazi tangu abalehe. Hapo shekhe alitabasamu, na sisi tukajua ameshindwa kwa hoja hiyo.

Akabaki na nyingine, nayo ndiyo iliyotukalia kooni. Alichukua kalenda akahesabu nyusiku. Kwa safari ya Machi 10 hadi 17, alisema, mwezi uandame vyovyote, nyusiku za witiri zisizopungua tatu, na huenda nne, zitawakuta mpo kwenye basi, au mmelala hoi katika nyumba ya wageni. Hakusema msiende. Alisema, "Mimi siwezi kuharamisha kilichohalalishwa. Nawaonyesha bei tu."

Kijana mwingine, fundi wa gereji, mpole kwa kawaida, akajibu kwa sauti ambayo hatukuizoea. Alisema msikitini kwetu katika kumi la mwisho mwaka jana waliokesha walikuwa watu wanane, na yeye alikuwa mmojawao; wengi wa wanaosikitika leo kwa ajili ya nyusiku hizo walikuwa vitandani. Je, Naivasha ndiyo itakayotupotezea Lailatul Qadri, au tulikwisha ipoteza hapa hapa Sumbawanga? Hakuna aliyemjibu. Sisi tunaoandika safu hii tulikuwa miongoni mwa waliokuwa vitandani, na tunaliandika hilo kwa kuwa lilisemwa mbele yetu na lilikuwa kweli.

Kisha wakazungumza kina mama, na wao hawakuzungumzia nyusiku. Walizungumzia fedha. Machi si Juni. Ghala la Ufipa mwezi Machi linaonyesha sakafu; mahindi yako shambani, maharage ndiyo kwanza yanapandwa au kupaliliwa, na kila kitu kinanunuliwa. Idi itafika Machi 20 au 21, siku tatu au nne baada ya basi letu kurudi. Zaka ya fitri, nguo za watoto, futari za mwezi mzima kwa wageni na jamaa, uji wa ulezi peke yake unakula debe. Mama mmoja alisema kibubu kile kina michango ya wake pia, iliyotoka kwenye maandazi na migebuka ya kukaanga, na kwamba tangu 2023 hajawahi kuulizwa kama bado anataka kwenda. Akaulizwa hapo hapo. Akasema anataka, sana, kuliko baadhi ya wanaume. Ila anataka kwenda akiwa ameshiba na ana nauli ya kurudia.

Tulicheka tena, lakini ilikuwa wazi upepo umegeuka. Mtu akaleta hesabu ya mwakani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8 na kwisha karibu na Machi 9. Waandaaji wakiyaacha mashindano katikati ya Machi, tutakwenda tukiwa tumetoka kwenye Idi. Wakiyarudisha Juni, ghala litakuwa limejaa. Vyovyote vile, safari ya familia nzima, pamoja na watoto, ingefaa zaidi mwakani.

Ndipo wote, bila kupanga, tukamgeukia mzee. Hakuna aliyethubutu kulisema, lakini kila mmoja alikuwa akilifikiri: mwakani kwa mtu wa miaka 78 si neno jepesi, na jicho linalofunikwa halingoji waandaaji wapange tarehe. Fundi wa gereji alisema yuko tayari kumbeba mgongoni Machi hii. Tulimwamini.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wanangu, mimi kumi la mwisho nimelikosa miaka thelathini nikiwa barabarani. Nilikuwa na udhuru, nilikuwa natafuta chakula cha watoto. Sasa watoto wamekua, udhuru sina." Akaongeza kwamba mwaka jana ndiyo mara ya kwanza maishani alikaa itikafu siku zote kumi, na miguu ilimuuma, na hajui kama mwaka huu itamvumilia, lakini anataka kujua.

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala mrefu. Vijana watatu, fundi akiwamo, watakwenda mwaka huu kwa fedha zao wenyewe, mbali na kibubu. Hatukuwazuia, na shekhe aliwaombea dua. Tuliwapa masharti ambayo mzazi yeyote angetoa: wasimame pale wanapoelekezwa na wasimamizi na kamwe wasikae upande wa nje wa kona, kwa kuwa gari likishindwa kugeuka huko ndiko linakoelekea, wasibeti, wasile mbele ya watu kwa kujitangaza wala wasijitangaze kwa kufunga. Tukawakumbusha kwamba jua la Naivasha hutua karibu dakika 20 kabla ya la Sumbawanga, wasije wakafuturu kwa ratiba ya nyumbani, na kwamba kibla huko ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Wakirejea, hakuna atakayeendesha bodaboda barabara ya Matai akijiona Ogier.

Mzee aliwaagiza kitu kimoja. Hakutaka picha, alisema picha hazioni vizuri hata hizo za kubandikwa ukutani. Alitaka wamrekodie mlio kwenye simu, gari moja tangu linaposikika mbali hadi linapopotea, bila mtu kusema juu yake.

Kibubu hatukukivunja, ila tulikikata upande mmoja na kukiziba tena. Kilichotolewa ni fungu lake mzee pamoja na nyongeza ambayo kina mama waliipitisha bila kutuuliza, nalo ni la kumsafirisha Mbeya akaondolewe mtoto wa jicho. Ameomba iwe baada ya Idi, kwa kuwa daktari anaweza kumkataza kusujudu kwa siku kadhaa. Tumemwandikia wiki ya pili ya Shawwal. Binti yake atafuatana naye, na nauli ya basi imekwisha wekwa kando.